Imeiva na Bado ni ya Kijani

Mada yetu leo ni nyanya, ila si ile inayopakiwa kwenye tenga kwenda sokoni. Ni nyanya ambayo hata ikiiva haiwi nyekundu. Nje ni ya kijani, ukiipasua ndani ni ya kijani, na ukiitia mdomoni unakuta ni laini, ina maji, ina utamu na ukali wake, imefika kabisa. Wapo watakaosema hiyo ni nyanya mbichi iliyopewa sifa isizostahili. Waache waseme, wakionja watanyamaza.

Mtu wa Tanga hana sababu ya kushangaa. Chungwa la Muheza linaiva likiwa la kijani, linauzwa likiwa la kijani, na hakuna mnunuzi anayelirudisha akidai bado changa. Ganda la chungwa linahitaji baridi ya usiku ndipo lipoteze ukijani wake, na usiku wa pwani hauna baridi hiyo. Kwa nyanya ninayoizungumzia sababu ni nyingine. Ipande Lushoto, ipande Ohio, itabaki kijani kote, kwa sababu jambo lenyewe limo ndani ya mbegu.

Nyanya ya kawaida inapoiva, kazi mbili za rangi hufanyika kwa pamoja. Ya kwanza ni kubomoa klorofili, yaani ile rangi ya kijani iliyomo kwenye majani na kwenye tunda changa. Ya pili ni kutengeneza laikopeni, ambayo ndiyo wekundu wenyewe. Kila kazi ina jeni inayoisimamia. Jeni ya kwanza ikiharibika, kijani hakiondoki na nyekundu inakuja juu yake. Mchanganyiko huo ndio unaotoa zile nyanya za kahawia na zambarau ambazo wakulima wake huziita nyeusi, kama Cherokee Purple na Black Krim. Jeni ya pili ikiharibika peke yake, kijani kinaondoka na nyekundu haiji, tunda linakuwa la njano. Zikiharibika zote mbili katika mmea mmoja, kijani kinabaki, nyekundu haiji. Hapo ndipo tunapoipata nyanya yetu.

Angalia kwamba kilichoharibika ni rangi tu. Gesi ya ethilini, inayoliamuru tunda liive, inatoka kama kawaida. Nyama inalainika, harufu inakuja, na tomatini, ile kemikali chungu ya nyanya changa, inapungua kama inavyopungua kwenye nyanya nyekundu. Kwa hiyo anayeogopa kuumwa tumbo hana la kuogopa, mradi ameichuma ilipoiva. Na hapo kwenye kujua ilipoiva ndipo kazi ilipo; tutafika.

Kabla ya hapo niruhusu nichepuke kidogo. Mwaka 1866 Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere. Miongoni mwa tabia saba alizozifuatilia ilikuwamo rangi ya punje, njano au kijani. Zaidi ya miaka 140 ilipita kabla jeni yenyewe haijafahamika. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba njegere ya kijani ya Mendel ni njegere iliyoshindwa kubomoa klorofili yake. Mwaka uliofuata watafiti wakaonyesha kwamba jeni ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyoharibika kwenye nyanya yenye nyama ya kijani, na hata kwenye aina fulani ya pilipili. Mtawa yule alikuwa anahesabu njegere, kumbe anatuhesabia na nyanya.

Hesabu zake zinatufaa bustanini. Ukichavusha nyanya ya kijani kwa chavua ya nyanya nyekundu ya kawaida, watoto wote watazaa matunda mekundu, maana jeni nzima inaifunika mbovu. Panda mbegu za watoto hao, na wajukuu watagawanyika: katika kila miche 16, kwa wastani, 9 itazaa nyekundu, 3 njano, 3 kahawia, na mmoja tu kijani. Faida yake ni hii. Ukijitunzia mbegu za nyanya ya kijani, na msimu unaofuata mche mmoja ukakuzalia nyekundu, basi huo si wa kizazi safi: nyuki alipita kwa jirani, au mbegu zilichanganyika mkononi mwako. Mwenye nyanya nyekundu nyuki huyo humdanganya miaka na asijue. Mwenye kijani anajua msimu huohuo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu wengi wakifungua orodha ya mbegu huanza na ukubwa wa tunda, kisha picha. Kwa nyanya hizi mimi nasema anza na ganda. Iko jeni ya tatu, na hii haihusiani na nyama bali na ule utando mwembamba wa juu. Kuna nyanya zenye ganda la njano na kuna zenye ganda lisilo na rangi. Kwenye nyanya nyekundu tofauti hiyo haikusumbui. Ganda la njano linafanya wekundu uwe mkali, ganda lisilo na rangi linaufanya uwe wa waridi. Kwenye nyanya ya kijani tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Ganda la njano hukolea tunda linapoiva, likatia kijani rangi ya kaharabu, hasa upande wa kitako. Hiyo ni ishara unayoweza kuiona ukiwa umesimama njiani. Ganda lisilo na rangi halikwambii lolote. Tunda linakuwa kijani Jumatatu, kijani Ijumaa, na Jumatatu ya pili limeanguka chini, limeoza.

Kwa hiyo anayeanza achague ganda la njano. Anayekuja na picha ya nyanya yenye kijani kilichopauka, kizuri kama jiwe la thamani, nitamwambia asubiri mpaka vidole vyake vijifunze.

Nyanya ya kwanza ninayoipendekeza ni Green Zebra. Iliingizwa sokoni mwaka 1983 na Tom Wagner, mzalishaji wa mbegu wa Marekani ambaye alianza kuchezea nyanya tangu ujana wake. Alikuwa anaipenda Evergreen, nyanya ya kijani iliyouzwa tangu miaka ya 1950 na kampuni moja ya mbegu ya Ohio, lakini Evergreen ilikuwa na tabia ya kupasuka. Wagner akachanganya vizazi mpaka akapata tunda dogo lisilopasuka ovyo, lenye michirizi. Linapokuwa changa michirizi ni ya kijani kizito juu ya kijani chepesi. Likiiva, ile sehemu nyepesi inageuka dhahabu. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulichuma bila kukosea. Uzito wake ni gramu 60 hadi 90 hivi, na ladha yake ina ukali wa kutosha. Wauzaji wengi huiita nyanya ya kale. Si ya kale, ina umri mdogo kuliko wengi wetu tunaozungumza kwenye redio, lakini mbegu zake zinarudi vilevile ukizipanda, na hilo ndilo la maana kwa mwenye bustani.

Wagner huyohuyo ndiye aliyetoa Green Grape, kwa kuchanganya Evergreen na Yellow Pear. Ni nyanya ndogo za vichala, za kula moja kwa moja kutoka kwenye mche, nazo pia huonyesha unjano zinapofika. Kutoka kwenye ukoo wa Green Grape ikajitokeza nyingine iitwayo Green Doctors, jina lililotolewa kwa heshima ya wanawake wawili wenye shahada ya udaktari, Carolyn Male na Amy Goldman, ambao kila mmoja ameandika kitabu kinachotegemewa juu ya nyanya za kale. Nayo Green Doctors ikazaa ndugu mwenye ganda lisilo na rangi, Green Doctors Frosted. Ukizipanda mbili hizo bega kwa bega, utaelewa somo la ganda bila kuhitaji redio.

Kwa wanaotaka tunda kubwa la kukata vipande, hadithi nzuri kuliko zote ni ya Cherokee. Mwaka 1990 Craig LeHoullier, mkemia na mkulima wa nyumbani wa Marekani, alipokea kwa posta mbegu za nyanya ya zambarau kutoka Tennessee. Akaipa jina Cherokee Purple. Miaka michache baadaye mche mmoja ukamzalia matunda ya kahawia badala ya zambarau. Ganda lilikuwa limegeuka, kutoka lisilo na rangi kuwa la njano. Mche huo ukawa Cherokee Chocolate. Kisha mwaka 1997, katika mbegu za Cherokee Chocolate, likatokea tunda la kijani lenye ganda la njano: Cherokee Green. Familia moja, mkulima mmoja, jeni tatu zikijitaja moja baada ya nyingine kwenye bustani ya nyumbani. Ladha ya Cherokee Green ni nzito na tamu, na kitako chake hugeuka kaharabu wazi kabisa. Kwangu mimi hii ndiyo bora kati ya zile kubwa.

Inayosifiwa zaidi, hata hivyo, ni Aunt Ruby's German Green, iliyotunzwa na Ruby Arnold wa mji wa Greeneville, Tennessee, aliyefariki mwaka 1997. Tunda lake linaweza kufika nusu kilo. Lina viungo ndani yake, lina utamu, na likiiva vizuri hupata wekundu hafifu kitakoni. Wanaoipenda wanaipenda kweli. Mimi naiheshimu, ila simpi mgeni: wekundu ule ni hafifu mno, tunda ni laini mno, na siku ya kulichuma ikikupita umelipoteza. Warusi nao wana ya kwao ambayo kwa Kiingereza huitwa Malachite Box, jina linalofanana na la kitabu cha Pavel Bazhov cha hadithi za milima ya Ural; inafaa nchi yenye kiangazi kifupi, si kwetu.

Na mwenye ndoo mbili kwenye roshani ya ghorofa je? LeHoullier na Patrina Nuske Small wa Australia waliongoza mradi wa wakulima wa kujitolea wa kuzalisha nyanya za vimo vifupi zenye ladha za kale. Mojawapo ni Summertime Green, yenye shina nene na kimo kisichohitaji mti mrefu wa kuegemeza. Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inaitosha.

Nimetaja majina ya Marekani mengi, na kuna msikilizaji wa Kiambu au Mbeya ameanza kuuliza mbona sizitaji Tanya na Tengeru 97. Hizo ni nyekundu, na ni za sokoni. Zimechaguliwa kwa uwezo wa kuzaa, kwa ugumu wa ganda, kwa kustahimili safari ndani ya tenga juu ya lori. Nyanya za kijani hazikuchaguliwa kwa ajili ya hayo. Ganda ni jembamba, tunda linalainika upesi, na zaidi ya yote mnunuzi hazijui. Mama wa genge atazipanga kwenye mafungu asubuhi na jioni atazikuta palepale, kwa sababu kila anayepita atadhani ni mbichi. Usilime nusu ekari ya Green Zebra ukitegemea kulipa ada ya shule. Hii ni nyanya ya mlango wa jikoni: miche miwili, mitatu, kando ya ile nyekundu unayoitegemea.

Malezi yake hayana siri. Nyingi ni ndefu, zinahitaji kuegemezwa na kuondolewa maotea. Kinga dhidi ya magonjwa ni ndogo kuliko ya mbegu chotara za siku hizi, hivyo bakajani ikiingia wakati wa masika haitazionea huruma; mwagilia chini kwenye shina, usiloweshe majani, na kama unaweza ziezekee nailoni juu. Kantangaze, yule nondo aliyeingia kwetu miaka ya karibuni na kuwafilisi watu, hachagui rangi. Green Zebra ina udhaifu wa kuoza kitako, na hilo wengi hukimbilia kulitibu kwa dawa ya ukungu bure. Si ukungu. Ni madini ya kalsiamu yasiyofika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja leo mengi, kesho hakuna. Tandaza nyasi kavu kwenye shina, mwagilia kwa kipimo kilekile. Na kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa: joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, maua ya nyanya nyingi hupukutika bila kufunga tunda, na zenye matunda makubwa huumia zaidi. Pwani panda zile ndogo, na upange ua lije wakati wa baridi, Juni hadi Agosti. Cherokee Green waachie watu wa Arusha na Limuru.

Sasa kuchuma. Weka kibao kwenye kila mche siku ile ile unapopandikiza, maana bila kibao mgeni, mtoto au msaidizi wa nyumbani atasubiri wekundu usiokuja. Tangu ua lifunge tunda mpaka kuiva ni wiki sita hadi nane, kutegemea ukubwa na baridi ya mahali. Wiki zikikaribia, angalia kitako, si mabega. Mabega hubaki kijani kizito mpaka mwisho. Kisha bonyeza kwa dole gumba, taratibu. Tunda changa halibonyei kabisa. Lililoiva linaitikia kidogo. Liinue juu kidogo: lililo tayari huachia kwenye kifundo cha kikonyo bila kuvutwa. Na kwenye kila aina mpya, mtoe mhanga mmoja. Kata tunda la kwanza unalodhani limefika, tazama ute unaozunguka mbegu. Ukiwa umejaa na unang'aa, umejua sura ya kuiva ya aina hiyo, na hutahitaji kukata tena kwa kubahatisha.

Jikoni, kula nyanya hizi bila kuzipika. Kachumbari ya Green Zebra yenye kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbuzi na giligilani haihitaji ndimu nyingi, ukali umo. Zichanganye na nyekundu na njano kwenye sahani moja na wageni watakula kwa macho kwanza. Lakini usiziunge kwenye mchuzi. Klorofili ikipata moto pamoja na ile asidi ya nyanya hupoteza kijani chake na kuwa rangi ya sare za askari zilizofuliwa sana. Ladha ipo, ila hakuna atakayekuomba nyongeza. Na usizichanganye na nyanya mbichi wanazokaanga watu wa kusini mwa Marekani. Ile ni nyanya nyekundu iliyochumwa kabla ya wakati ili iwe ngumu kwenye mafuta. Hii ukiikaanga itageuka uji. Anayekula nyanya kwa ajili ya laikopeni, kwa ushauri wa daktari au wa gazeti, aendelee na nyekundu. Kwenye hizi laikopeni ni kama haimo.

La mwisho ni upatikanaji wa mbegu. Nyingi kati ya hizi hutazikuta kwenye duka la pembejeo la mtaani kwako, kwa hiyo njia ya haraka inayomjia mtu akilini ni kumwomba ndugu aliyeko Minnesota au Leeds atie pakiti kwenye begi. Tafadhali usimwombe hivyo. Kuna kirusi cha nyanya kilichojitokeza Israel na Jordan mwaka 2014 na 2015, kikasambaa nchi nyingi, na mojawapo ya njia zake ni mbegu. Kinadumu kwenye mikono, kwenye visu, kwenye kamba za kuegemezea, na hakina dawa. Pakiti moja ya shilingi kidogo inaweza kumgharimu jirani yako shamba zima la Tanya. Ukiwa Tanzania, waulize Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Ukiwa Kenya, waulize wakaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS. Omba kibali cha kuingiza kwanza, kisha muuzaji atume mbegu zikiwa na cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Ni usumbufu, ndiyo, lakini unafanyika mara moja tu. Hizi si mbegu chotara: chagua tunda zuri la mche usio na ugonjwa, kamulia mbegu na ute wake kwenye kikombe, ziache zichachuke siku mbili au tatu, zioshe, zianike kivulini, na mwakani hutaagiza kwa mtu.

Wasikilizaji mlioko Ulaya na Marekani ninyi hamna udhuru huo. Mbegu zinauzwa karibu nanyi na kiangazi chenu kinatosha. Mwenye nafasi ya mche mmoja apande Green Zebra. Mwenye nafasi ya miwili aongeze Cherokee Green.